Jinsi Lartigue Alivyotoka Kwenye Albamu

Vijana wengi wanaoanza kupiga picha huuliza wanunue kamera gani. Hilo lina majibu mengi, na yote ni mepesi. Swali gumu huja baadaye, pale mtu anapokuwa na picha nzuri elfu kadhaa ambazo hakuna anayezijua: zitatokaje mikononi mwake zifike kwa mwenye uwezo wa kuzitundika ukutani? Katika visa vyote ninavyovijua, kinachojibu vizuri zaidi ni cha Mfaransa Jacques Henri Lartigue, kwa sababu hatua zake zinajulikana na zinaweza kuchambuliwa moja baada ya nyingine.

Kwa kawaida husimuliwa hivi. Mtoto wa tajiri alipewa kamera mwaka 1902, akapiga picha maisha yake yote kwa kujifurahisha huku akijihesabu mchoraji. Julai 1963, akiwa na umri wa miaka 69, Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yakamwandalia maonyesho, naye akawa maarufu. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanaruka kazi yenyewe.

Tuanze na picha moja. Gari la mashindano lenye namba 6 linakatiza mbele ya kamera katika Grand Prix ya Ufaransa. Kwa miaka mingi picha hiyo iliandikwa kuwa ya 1912. Utafiti wa karibuni unaielekeza 1913. Gurudumu si duara tena, limerefuka na kulalia mbele. Watazamaji kando ya barabara wameegemea upande wa pili, kana kwamba gari limewasukuma kwa upepo wake. Hakuna ujanja wowote wa chumba cha giza hapo. Kamera ilikuwa ya kushika mkononi, yenye vioo vya sentimita 9 kwa 12 na shata ya pazia, yaani kitambaa chenye mwanya mwembamba unaopita mbele ya kioo. Mwanya huo hauangazi kioo chote kwa mara moja. Ardhi ilinaswa kwanza, kichwa cha dereva baadaye kidogo, na katika kipande hicho cha sekunde gari lilikuwa limeshasogea. Wakati huohuo Lartigue alikuwa akiizungusha kamera kulifuata gari bila kuifikia kasi yake. Ndiyo maana gari likalalia mbele na watu waliosimama wima wakalalia nyuma.

Kwa kanuni za wakati ule, picha hiyo ilikuwa imeharibika. Gari halikuenea kwenye fremu, na mistari yote imepinda. Lakini ni picha chache za magari zinazomfanya mtazamaji ahisi mwendo kama ile. Jambo ninalotaka wapiga picha wa ridhaa walishike hapa ni kwamba kile kioo hakikutupwa. Leo tunafuta picha papo hapo, tukiwa bado tumesimama barabarani, kwa kuangalia kioo cha simu kilichopigwa na jua. Tunahukumu kwa kanuni za siku hiyo, na hukumu hiyo haina rufaa.

Lartigue alihifadhi, na alihifadhi kwa mpango. Picha zake alizibandika kwenye albamu kubwa kwa kufuata tarehe, mpaka albamu zikapita mia moja. Alikuwa na shajara ambamo aliandika hali ya hewa ya siku na kuchora vijimchoro vya picha alizopiga. Kwa hiyo miaka hamsini baadaye, mtu akimuuliza yule binti anayeruka ngazi ni nani, alikuwa na jibu: ni binamu yake Bichonnade, mtaa wa Cortambert, Paris, 1905. Picha yenye jina, mahali na mwaka inaweza kuchapishwa kesho asubuhi. Isiyo na hayo humwachia mhariri kazi ya upelelezi, na wahariri wengi hawana muda huo.

Kinyume chake tunakiona kwa Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyepiga picha za mitaani kwa miongo kadhaa. Jicho lake halikupungukiwa na chochote. Lakini negatifu zake, zaidi ya laki moja, zilikaa kwenye makasha, na filamu nyingi hazikuwa zimesafishwa kabisa. Mwaka 2007 sehemu ya mali yake iliuzwa mnadani kwa sababu kodi ya ghala haikulipwa. Alifariki Aprili 2009, kabla umma haujamjua. Maier huenda hakutaka kuonekana, na hiyo ilikuwa haki yake. Ila kwa anayetaka kuonekana, tofauti ya watu hawa wawili haikuwa katika ubora wa picha.

Hata hivyo, albamu peke yake haitoshi. Mwaka 1955 picha za Lartigue zilitundikwa Galerie d'Orsay, Paris, pamoja na za Brassaï, Doisneau na Man Ray. Ni majina makubwa, katika mji wake mwenyewe, na bado maisha yake hayakubadilika. Picha chache zikiwa katikati ya kazi za watu wengine, mtazamaji huzisifu na kupita. Hana namna ya kujua kwamba nyuma yake kuna nusu karne nzima.

Mlango ulifunguka 1962, safarini Marekani. Huko New York alikutana na Charles Rado wa wakala wa picha Rapho. Rado ndiye aliyezipeleka picha kwa John Szarkowski, ambaye mwaka huohuo alikuwa amemrithi Edward Steichen kama mkuu wa idara ya picha ya makumbusho. Szarkowski alikuwa mgeni kazini, hajafikisha miaka arobaini, na alikuwa na hoja anayotaka kuithibitisha: kwamba upigaji picha una lugha yake, isiyotokana na uchoraji, na kwamba lugha hiyo ilikua pia mikononi mwa watu wasio na mafunzo ya sanaa. Akaletewa mvulana wa mwanzo wa karne aliyenasa mabinamu wakiruka, ndege za kwanza zikipaa, na mabibi wa Bois de Boulogne wakitembea na mbwa wao. Picha hizo zilikuwa ushahidi aliokuwa akiutafuta.

Hapa ndipo fundisho kubwa lilipo, na wengi hulikosa. Szarkowski hakutundika Lartigue mzima. Alichagua picha arobaini hivi, karibu zote za kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na miongo iliyofuata akaiacha. Uchaguzi ulikuwa mkali, na haukuwa wa haki kabisa kwa mwenye kazi. Lakini aliyeingia ukumbini aliondoka na wazo moja kichwani, nalo likamganda. Mpiga picha chipukizi akipewa nafasi ya kuonyesha kazi huleta harusi, machweo, paka na mechi ya mpira kwa pamoja, ili aonekane anaweza yote. Anayetazama hukosa pa kumshika.

Kisha ikaja bahati nyeusi. Jarida la Life lilikuwa limeandaa kurasa za Lartigue kwa toleo la Novemba 29, 1963. Wiki hiyo Rais Kennedy aliuawa, na toleo hilohilo, lenye uso wa Kennedy kwenye jalada, likawa miongoni mwa yaliyotafutwa zaidi katika historia ya jarida. Mamilioni waliolinunua kwa huzuni walifunua kurasa wakakutana na mvulana wa Paris. Hakuna anayeweza kupanga jambo kama hilo. Lakini kurasa zilikuwa tayari, na maelezo ya picha yalikuwa tayari.

Baadaye mtafiti Kevin Moore alionyesha kwamba yule mtoto asiyejua kitu hakuwa hivyo kabisa. Lartigue alisoma majarida ya michezo ya enzi zake, alijua namna picha za mwendo zilivyopigwa, na baadhi ya picha zake zilichapishwa kabla ya vita. Baba yake naye alikuwa akipiga picha, na familia ilikuwa na pesa za vioo, magari na mapumziko. Sioni kwamba hilo linampunguzia heshima. Linanipa imani zaidi, kwa sababu jicho lililofunzwa na majarida linaweza kufunzwa tena, wakati kipaji cha kimuujiza hakina cha kumfundisha mtu yeyote.

Alichokiacha Szarkowski kilirudi 1970, Richard Avedon alipohariri kitabu cha Diary of a Century. Avedon alirudi kwenye albamu na shajara zilezile, akafuata maisha yote badala ya utoto tu, na Lartigue wa kitabu hicho ni mtu anayezeeka, anayependa na kufiwa. Mwaka 1974 Rais Valéry Giscard d'Estaing akamchagua apige picha yake rasmi. Miaka mitano baadaye Lartigue aliikabidhi kazi yake kwa taifa la Ufaransa, zikiwemo albamu zote, kurasa zikiwa bado katika mpangilio alioupanga mwenyewe.