Vazi kama Matini: Mana na Vijana wa Harajuku

Wapo wahakiki wanaoyaona mavazi ya vijana wa Harajuku, jijini Tokyo, kuwa uigaji mtupu wa Ulaya. Dai hili halina mashiko. Mwaka 1999 Mana, mwanamume mpiga gitaa wa bendi ya Malice Mizer, alianzisha Moi-même-Moitié, chapa ya marinda mapana meusi yenye lesi. Yeye alivaa rinda jukwaani. Mashabiki wakavaa barabarani. Ni kweli kwamba umbo limeazimwa kutoka Ulaya ya kale. Hata hivyo, maana imegeuzwa: hapa rinda halimtambulishi mvaaji kwa mumewe wala ukoo wake, bali kwa kundi alilojichagulia. Kwa hivyo, fani ya kuazima yaweza kubeba maudhui mapya. Mhakiki anayetafuta asili ya lesi pekee hajaisoma matini.