Ufundi wa Kumjua Kipepeo wa Kahawia

Chini ya milima ya Uluguru, Morogoro, yupo mzee aliyefanya kazi miaka mingi na watafiti wa wadudu. Ukimwona anavyotega vipepeo utakubali kwamba kutazama nako ni ufundi, wenye mikono yake na adabu zake. Hamkimbizi mdudu. Huponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, akaziacha zichache ndooni, kisha huziweka kwenye sahani chini ya wavu wa mviringo ulioning'inizwa tawini, ulio wazi upande wa chini. Kipepeo akishiba hurukia juu, asiione tena njia aliyoingilia. "Usimfuate, mwanangu," huniambia. "Ujue chakula chake, atakuja mwenyewe."

Ajaye mara nyingi ni yule wa kahawia ambaye wataalamu humwita Bicyclus anynana, mkazi wa nyika na nyasi za kandokando ya miti, toka huku kwetu hadi Afrika Kusini. Huruka chinichini, riziki yake ni matunda yaliyoanguka na kuanza kuoza. Kwa kuwa hana rangi za madaha, wapita njia hawamjali.

Mzee humshika kwa vidole viwili, mabawa yamefumbwa, asipukute hata chembe ya ule unga wake, kisha humgeuzia kwenye mwanga. Dume humtambua kwa kishungi kidogo cha nywele kwenye bawa, kinachohusika na harufu ya kumvutia jike. Ukingoni mwa mabawa macho yamejipanga mstari: kiini cheupe, duara jeusi, pete ya dhahabu. Hilo ni vazi la masika. Vunjajungu akimrukia hulenga jicho la uongo, akaambulia kipande cha ukingo, na mwenye bawa akanusurika. Wa kiangazi hana macho hayo, au yamebaki vitone tu. Akitua kwenye majani makavu humwoni tena.

Hawa wawili ni jamii moja, wanaweza hata kuwa ndugu wa tumbo moja. Kinachoamua ni joto alilokulia kiwavi huko kwenye nyasi anazozila. Akikua katika nyuzi 27 hivi hutoka na macho makubwa. Zikishuka hadi 20, kama baridi inapoingia baada ya mvua, hutoka amefichika. Huyo wa kiangazi huahirisha hata uzazi. Huvumilia miezi ya ukame, akingoja mvua irudi na nyasi zichipue ndipo watoto wake wapate chakula.

Mwaka 1988 majike wapatao 80 walichukuliwa Nkhata Bay, Malawi, na uzao wao ukalelewa katika maabara za ng'ambo. Kwa vizazi vingi wanasayansi wamejifunza kwa kipepeo huyu jinsi mwili unavyosikiliza majira. Huku alikozaliwa, tunapitisha moto nyikani kila mwaka, mayai na viwavi vikateketea pamoja na nyasi, kisha palipochipua tunapulizia dawa ya magugu. Twaita huko kusafisha.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba mzee hana mwanafunzi. Vijana humpita njiani, simu mkononi, wakiamini kwamba lolote litakalohitajika kujulikana litapatikana humo. Simu itawapa jina. Haitawafundisha vidole kuwa vyepesi, wala jicho kutofautisha vazi la masika na la kiangazi, wala moyo kungoja. Hayo hupatikana kwa kuchuchumaa kando ya anayejua, na wanaojua wanazeeka. Kitu adimu hupata watetezi. Cha kila siku hakina wa kukisemea, hata siku kinapokwisha. Tumewarithi wazee wetu mashamba na majina yao. Macho yao tumeyaacha yazikwe nao, na hasara hiyo tumejitakia wenyewe.