Kuimba kwa Rangi: Ufundi wa Kuwaandikia Watoto Opera za Tanzia

Opera ni tamthilia ambayo maneno yake huimbwa, wahusika wakisindikizwa na okestra. Opera za tanzia huishia kwenye kifo au utengano usio na dawa. Kuzigeuza ziwe vitabu vya picha vya watoto ni ufundi wenye sharti moja gumu: muziki uondoke, huzuni ibaki. Katika mkoa wa Singida, ambako hakuna jumba la opera, kitabu ndicho mlango wa karibu kwa mtoto wa Ikungi, Kiomboi au Manyoni. Naye haingii mikono mitupu. Aliyekulia karibu na kwaya ya kanisani anazijua sauti nne: soprano, alto, teno na besi. Aliyewahi kuota moto huku bibi akisimulia anajua kuwa ngano husimama kidogo ili wimbo uimbwe na wasikilizaji waitikie, kisha safari ya hadithi ikaendelea. Mtoto huyo keshajifunza nusu ya opera kabla hajalisikia jina lake.

Mfano bora wa ufundi huu ni Aida. Opera hiyo ya Giuseppe Verdi ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia, ametekwa na kufanywa mtumwa wa Amneris, binti Farao. Wote wawili wanampenda Radames, kamanda wa jeshi la Misri. Radames anaponyokwa na siri ya njia ya jeshi lake, na anahukumiwa kuzikwa hai. Gizani mle kaburini anamkuta Aida, aliyetangulia kujificha humo ili wafe pamoja. Mwaka 1990 mwimbaji Mmarekani Leontyne Price, aliyekuwa ameimba nafasi ya Aida kwa miaka mingi, aliisimulia hadithi hiyo katika kitabu cha watoto. Michoro yake ilifanywa na Leo na Diane Dillon, ambao mwaka 1991 walipata Tuzo ya Coretta Scott King kwa kazi hiyo.

Kazi huanza kwa kupunguza. Aida ina maonyesho makuu manne na huchukua zaidi ya saa mbili jukwaani. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32 tu. Mwandishi hutafuta kwanza fundo la hadithi, ile hatua ambayo mhusika hawezi tena kurudi nyuma. Kwa Aida, fundo ni pale baba yake anapomtaka amchimbe Radames siri: akitii anampoteza mpenzi, akikataa anaisaliti nchi yake. Kila tukio lisiloelekea kwenye fundo hilo au kutokana nalo huachwa, hata likiwa na wimbo maarufu kiasi gani.

Baada ya hapo mchoraji hurithi kazi ya okestra. Jukwaani, sauti ndiyo inayomtambulisha mhusika. Kitabuni, rangi hushika nafasi hiyo. Aida akipewa buluu tangu ukurasa wa kwanza, msomaji ataitambua buluu hiyo hata ikibaki kama uzi mwembamba kwenye giza la kaburi. Wimbo wa watu wawili hukaa vizuri kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Wimbo wa umati huwa kiitikio kifupi, ambacho darasa zima linaweza kukisoma kwa pamoja mwalimu anaposimulia.

Ukurasa wa kifo ndio unaompima fundi. Kuokoa wahusika dakika ya mwisho ni kumdanganya mtoto, na mtoto aliyewahi kukaa matangani anautambua uongo huo. Kumwonyesha mateso bila kumpa pa kushika nako ni kumwonea. Njia ya kati ni maneno machache, picha tulivu, na mtu anayebaki hai akiomboleza. Verdi mwenyewe aliiacha njia hiyo wazi: opera inafungwa Amneris akiwa juu ya kaburi, akiomba amani.

Kiswahili kina urithi wa kuegemea katika kazi hii. Mwaka 1807 Charles na Mary Lamb walizigeuza tamthilia za Shakespeare kuwa hadithi za vijana, na mwaka 1867 hadithi nne kati ya hizo zilichapwa Zanzibar kwa Kiswahili, zikitafsiriwa na Edward Steere. Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963. Samuel Mushi akafuata na Makbeth mwaka 1968, kisha tanzia ya Kigiriki, Mfalme Edipode, mwaka 1971. Macbeth hiyohiyo Verdi alikuwa ameifanya opera mwaka 1847. Tanzia, basi, imekwisha kufundishwa kusema Kiswahili. Kinachohitajika ni kuisimulia kwa urefu wa mtoto na kuichorea. Sheria nayo haizuii: Verdi alifariki mwaka 1901, na opera zake ni mali ya wote.

Ufundi huu ukishajulikana, huweza kutumika kwenye tanzia za nyumbani. Singida inamkumbuka Liti, mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi yanasema aliwakabili Wajerumani kwa nyuki mwanzoni mwa karne ya 20, hadi akauawa. Uwanja wa mpira wa mjini Singida una jina lake. Kisa chake kina kila kinachotakiwa: fundo, umati, mvumo wa nyuki unaoweza kuwa kiitikio, na mandhari ambayo mchoraji haagizi kutoka mbali, kuanzia mawe makubwa na ziwa Singidani hadi giza la ndani ya tembe. Mkono uliojifunza kumchora Aida kaburini bila kumficha wala kumtisha mtoto, ndio utakaomchora Liti akianguka, na watu wake wakibaki kulitaja jina lake.