Nusu Wati, Kilele kwa Kilele

Kutoka Scafell Pike, kilele kirefu kuliko vyote England, hadi Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote Wales ambao ramani nyingi zinauita Snowdon, ni kilomita 160 na ushei. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni Bahari ya Ireland. Mtu akisimama kwenye kilele kimoja na redio ya mkononi inayorusha nusu wati tu, mwenzake wa kilele cha pili anaweza kumsikia waziwazi. Watasalimiana, watataniana kuhusu magoti yanayouma na mikate iliyopondeka mkobani, kisha wataagana. Katikati yao hakuna setilaiti, mnara wa simu wala intaneti. Makala haya yanachambua jinsi jambo hilo linavyofanyika, hasa mambo mawili ambayo wachambuzi wengi huyapita kwa kuyaona pambo: utani na picha. Mimi nayahesabu kuwa ni vipimo, na nitaeleza kwa nini.

Hesabu kwanza. Kwenye masafa ya megahezi 145, njia nyeupe isiyo na kizuizi ya kilomita 164 hupunguza nguvu ya mawimbi kwa takriban desibeli 120. Nusu wati ni desibeli 27 juu ya miliwati moja. Ukitoa 120 unabaki na 93 chini ya miliwati, na hiyo ndiyo S9, alama ambayo wanaredio wa ridhaa wameiwekea kipimo cha mawimbi yenye nguvu katika masafa ya VHF. Antena fupi ya mpira inayokuja na redio ya mkononi ni dhaifu, tena kuna moja kila upande. Tuseme mbili hizo zimekula desibeli 12. Kila daraja la S ni desibeli 6, kwa hiyo tumeshuka hadi S7, na S7 ni sauti safi kabisa.

Siri iko kwenye neno kizuizi. Mawimbi ya VHF hayafuati sana mviringo wa dunia, ila hewa huyapinda kidogo, na kwa sababu hiyo upeo wa redio uko mbele kuliko upeo wa macho. Kanuni inayotumika ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata upeo kwa kilomita. Scafell Pike ina mita 978, hivyo upeo wake ni kilomita 129 hivi. Yr Wyddfa, yenye mita 1,085, inafika 136. Jumlisha: vilele hivi viwili vingeonana kwa redio hata vingetenganishwa na kilomita 260. Kilomita 164 ni chache, na nundu ya dunia katikati ya bahari, inayokaribia mita 400, inabaki chini sana ya mstari unaoviunganisha. Ukungu ukishuka, mwenye kamera haoni hata buti zake, lakini mwenye redio hapungukiwi kitu, kwa kuwa mawimbi yenye urefu wa mita 2 hayajali matone ya maji.

Watu wanaopanda kwa ajili hii wana mpango wao, unaoitwa Summits on the Air. Ulianza England na Wales tarehe 2 Machi 2002, waasisi wakiwa John Linford na Richard Newstead, na leo umeenea nchi nyingi. Masharti yake ni machache na yana akili. Kila kilele kina alama, kuanzia 1 hadi 10. Mpandaji lazima afike kwa nguvu zake mwenyewe, na redio isitegemee gari wala jenereta ya mafuta. Kituo kiwe ndani ya mita 25 za wima kutoka kileleni. Ili alama zihesabiwe, aongee na vituo tofauti visivyopungua vinne. Hata majina ya tuzo yamejaa mzaha: anayefikisha alama 1,000 kwa kupanda huitwa Mbuzi wa Mlimani, na anayezifikisha akiwa kitini nyumbani, akiwawinda walioko juu, hupewa jina la yule mnyama goigoi wa Amerika Kusini anayening'inia mtini siku nzima. Ni utani kama ule wa watani wetu wa jadi, unaomchoma mtu bila kumvunjia heshima, naye akaupokea kwa fahari.

Sasa tuingie kwenye utani wenyewe. Katika redio ya ridhaa, ripoti ya kawaida ni tarakimu mbili, 59, maana yake nakusikia vizuri na kwa nguvu. Tatizo ni kwamba 59 imegeuka salamu. Hutolewa hata pale mpokeaji alipolazimika kuomba alama ya mwito, yaani jina la kituo hewani, irudiwe mara tatu. Mchambuzi akisoma daftari la mawasiliano na kukuta 59 kila mstari, hajajifunza chochote kuhusu antena, mlima wala hewa.

Gumzo la dakika mbili huleta kile ambacho tarakimu zimekificha. Kwanza, lina urefu. Mawimbi hupanda na kushuka, na mtu aliyesema 59 kwa sekunde tatu hawezi kuliona hilo, lakini anayesimuliwa habari za kondoo aliyenyemelea chakula atasikia sauti ikififia katikati ya kisa na kurudi mwishoni. Pili, humpa msikilizaji nafasi ya kujaribu: huku mwenzake akiendelea kupiga soga, yeye husogea hatua mbili, huinua redio, huinamisha antena, na kusikia tofauti papo hapo. Tatu, na hapa ndipo ninaposisitiza, utani hutoboa siri za mahali. Mmoja akitaniwa kwamba sauti yake inatoka kisimani, hujitetea kwamba amejibanza nyuma ya ukuta wa mawe kuukimbia upepo. Basi! Maelezo yote yako hapo. Ukuta uliomkinga na upepo umemkinga na mwenzake vilevile. Akitoka nje ya ukuta na kukubali baridi, sauti hupanda.

Kuna jaribio ambalo wazoefu hulipenyeza ndani ya masihara. Redio kama Yaesu FT-817, iliyopendwa sana milimani, hurusha wati 5 ikiwa kwenye nguvu ya juu na nusu wati ikiwa kwenye nguvu ya chini. Mwenye redio hushusha nguvu katikati ya mazungumzo bila kusema, kisha humwuliza mwenzake kama amegundua. Tofauti ya mara kumi ni desibeli 10, pungufu ya madaraja mawili ya S. Mara nyingi mwenzake hajagundua lolote. Hakuna darasa linalofundisha thamani ya urefu wa mlima kuliko jibu hilo.

Lakini soga ina gharama. Redio hiyo hunywa takriban ampia 2 ikirusha kwa nguvu kamili, na chini ya nusu ampia ikipokea. Ukiongea theluthi moja ya muda na kusikiliza theluthi mbili, wastani unakaribia ampia 1, kwa hiyo betri ya ampia-saa 3 itakufikisha saa tatu. Kwa nguvu ya chini itadumu zaidi. Ndiyo maana mpandaji mzuri hupanga zamu. Husikiliza kwanza kama kuna aliyeko kwenye kilele kingine, kwa kuwa huyo ana betri ndogo na vidole vilivyoganda kama yeye. Huhudumia foleni ya walioko nyumbani kwa maneno machache. Halafu ndipo anapofungua gumzo, akiwa amehama kwenye masafa ya kuitana ili wengine wapate nafasi. Anayeanza soga ndefu na mtu wa kwanza, huku wengine wakingoja, simsifu hata kidogo.

Picha nazo. Wengi hupiga uso wao, anga na kopo la chai. Ni kumbukumbu nzuri, lakini kituo chenyewe hakionekani. Picha yenye faida huonyesha antena nzima na mahali ilipo. Tuchukue waya wa megahezi 7, maarufu kwa mawasiliano ya mamia ya kilomita: una urefu wa mita 20, kila upande mita 10, katikati umeinuliwa na mlingoti wa faibaglasi na ncha zimefungwa chini kwa kamba. Mlingoti ukijulikana kuwa ni mita 6, picha iliyopigwa kutoka ubavuni inakuwa rula. Mtazamaji anaweza kupima pembe ya waya na kimo cha ncha. Mita 6 ni chini ya moja ya sita ya urefu wa wimbi, na waya wa chini namna hiyo hurusha zaidi kuelekea juu. Mawimbi hurudi kutoka angani na kuangukia nchi za jirani, huku vituo vya mbali sana vikipata kidogo. Mtu akilalamika kwamba Ulaya nzima ilimsikia ila Marekani haikumjibu, picha moja inatosha kumjibu.

Kuupiga waya picha si kazi nyepesi. Una unene wa nusu milimita hivi, na mbele ya mawingu meupe unapotea kabisa. Dawa yake ni kutafuta usuli mweusi, kama mteremko ulio kivulini, na kusimama mahali ambapo jua linaumulika waya kutoka pembeni. Lenzi pana ya simu hupindisha mlingoti ulionyooka na kuharibu pembe, kwa hiyo ni bora kurudi nyuma na kutumia lenzi ya kawaida. Urefu ambao simu inauandika ndani ya picha usiutumie kuthibitisha zile mita 25, kwani unaweza kukosea kwa makumi ya mita. Nguzo za zege za wapima ardhi, ambazo Uingereza ilianza kuzijenga vileleni mwaka 1936, ni mashahidi waaminifu zaidi.

Picha hufichua pia yale ambayo mwenye redio hakuyafikiria. Kilele cha Winter Hill, huko Lancashire, kina mnara wa televisheni wenye zaidi ya mita 300. Mpandaji wa hapo anaweza kutabasamu kwenye picha huku akishangaa kwa nini redio yake ni kiziwi. Mnara ulio nyuma yake ndio jibu: nguvu za jirani huyo huilemea redio ndogo, na sauti hafifu hazipenyi.

Na picha yenyewe inaweza kupita hewani. Katika njia iitwayo Robot 36, picha ya rangi hugeuzwa mlio na kurushwa kwa sekunde 36. Weusi ni hezi 1,500, weupe ni hezi 2,300, na vivuli viko kati yake. Siku hizi programu ya simu, kipaza sauti chake kikiwa karibu na redio, inatosha. Mawimbi yakififia, michirizi hutokea kwenye picha mstari kwa mstari, hivyo anayepokea anaona kwa macho kile ambacho kwenye gumzo alikisikia kwa masikio. Katika daftari lote la siku, sioni kumbukumbu iliyo kamili kuliko picha hiyo yenye makovu.

Hesabu hizi hazina uraia. Kutoka Uhuru, juu ya Kilimanjaro, hadi Point Lenana, Mlima Kenya, ni kilomita 320 na ushei. Upeo wa redio wa vilele hivyo, ukijumlishwa, unapita kilomita 600. Kwa wati 5 na antena ya kadiri kila upande, kanuni ileile inatoa mawimbi yanayozidi S9. Mwenye hamu aanze na leseni, kwa TCRA upande wa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano upande wa Kenya, apate alama yake ya mwito inayoanza na 5H au 5Z. Kisha apande kilima cha karibu, aongee zaidi ya 59, na apige picha ya antena kabla ya kupiga ya uso wake.