Mguso Uliokula Pini Zetu

Tuliseme mapema ili tusizungushane: kuupa mguso njia yake ya peke yake kwenye bodi ya njano kulikuwa kosa. Wala tusisingizie bei nafuu, maana kuifanya kazi hiyo ipasavyo kungepunguza shaba kwenye bodi, si kuiongeza. Aliyeichora aliifikiria skrini, akaisahau kazi ambayo skrini ile inatakiwa kuionyesha.

Bodi yenyewe mnaifahamu: ESP32-2432S028R, inchi 2.8, nukta 320 kwa 240. Brian Lough wa Ireland aliivumisha mwaka 2023 kwa jina la Cheap Yellow Display, na leo ndiyo jibu la kwanza kwa yeyote anayeuliza skrini ya kugusa ya bei nafuu. Mazuri yake yapo: skrini inang'aa, chipu ya ILI9341 inajulikana kila kona, mwanga wa nyuma unapunguzika kupitia pini ya 21, na bei haimtishi mwanafunzi.

Sasa tuhesabu. ESP32, mikrokontrola ya bodi hii, inamwachia mtumiaji vidhibiti viwili vya SPI, yaani HSPI na VSPI. Skrini imewekwa kwenye pini za 12, 13, 14 na 15. Kadi ya kumbukumbu imewekwa kwenye 5, 18, 19 na 23. Hapo vidhibiti vyote viwili vimeshapata wenyewe. Kisha ikaja XPT2046, chipu ya mguso, na badala ya kuungwa kwenye njia mojawapo ikachorewa ya tatu: 25 kwa saa, 32 kwa kupeleka data, 39 kwa kupokea, 33 kwa kuchaguliwa, na 36 kwa kutoa taarifa kidole kinapogusa. Njia tatu kwa vidhibiti viwili.

SPI ilibuniwa ili vifaa vingi vishiriki saa na data, kila kimoja kikiwa na waya wake wa kuchaguliwa tu. XPT2046 ingekaa juu ya 12, 13 na 14 za skrini bila ugomvi, ikaomba waya mmoja. Hata ule waya wa taarifa si lazima. Programu ikiuliza mara ishirini kwa sekunde kama kuna kidole, mtumiaji hahisi tofauti yoyote. Pini tano zingekuwa moja. Nne zingerudi kwetu.

Halafu tazama ni pini zipi zilizochukuliwa. ESP32 hupima volti kwa makundi mawili. Kundi la ADC2 linatumiwa na Wi-Fi, kwa hiyo redio ikiwa hewani pini zake huwezi kuzitegemea. Linabaki ADC1, ambalo kwenye moduli ya kawaida lina pini sita: 32, 33, 34, 35, 36 na 39. Mguso umekula nne kati ya hizo. Kihisi cha mwanga, ambacho miradi mingi haikigusi kabisa, kimekalia 34. Imebaki 35 peke yake. Na wakati huohuo taa ndogo ya rangi tatu iliyo mgongoni mwa bodi imepewa 4, 16 na 17, pini za dijitali ambazo zingeubeba mguso bila kumuumiza mtu. Pambo limepewa pini za kawaida, na mguso, ambao hauhitaji kupima volti hata moja kwenye ESP32, umekalia pini za kupimia. Nimeusoma mchoro huu mara nyingi nikiutafutia sababu. Sijaiona.

Kwetu Nyangezi, mashariki mwa Kongo, kosa hili linauma zaidi kuliko kwa mtu aliye na soketi ya ukutani isiyozimika. Mabwawa ya umeme ya Ruzizi I na Ruzizi II hayako mbali nasi, lakini anayebuni kifaa cha nyumbani hapa bado huanza na paneli ya sola na batri ya volti 12. Mradi wa kwanza wa kijana ni kuonyesha hali ya batri kwenye skrini, na mradi huo wote ni kupima volti.

Tuufuate. Batri ya risasi ikichajiwa hufika volti 14.4. Rezista ya kiloomu 56 juu na ya kiloomu 10 chini huishusha hadi kama volti 2.2, na ESP32 inaisoma bila kuungua. Waya huo unaingia 35. Vizuri. Sasa lete mkondo wa paneli kupitia ACS712, ambayo nayo inatoa analogi. Utauchomeka wapi? Kwenye soketi ya pembeni kuna 27, lakini hiyo ni ya ADC2: bila Wi-Fi inasoma, ukiwasha Wi-Fi upeleke takwimu kwenye simu, usomaji unakufa. Kuna 22, isiyopima volti kabisa. Kuna 21, iliyotolewa kwenye soketi kana kwamba iko huru, kumbe ndiyo mwanga wa nyuma wa skrini. Kinachobaki ni kununua ADS1115, chipu ya nje ya kupimia volti, kuiunga kwa I2C kwenye 22 na 27, na hapo pini za nje zimekwisha. Ni agizo lingine la kutoka China, kusubiri kwingine na forodha nyingine, kwa ajili ya kurudisha uwezo ambao ESP32 inao tangu ilipotoka mwaka 2016.

Wanaoutetea mchoro huu huleta hoja mbili. Ya kwanza ni kasi: skrini inakwenda megahezi 40 na zaidi, ilhali XPT2046 inataka kama 2.5. Ni kweli, na haisaidii kitu, kwa sababu kasi hubadilishwa na programu kila inapomchagua mhusika mwingine. Ya pili ni kwamba zipo skrini zisizouachia waya wa kurudisha data zikishamaliza kuongea. Hiyo nayo ni kweli, lakini ugonjwa huo ni wa ILI9488, si wa ILI9341. Na hata ungekuwepo, dawa ni kuacha kuunga waya wa kurudisha data wa skrini, kwa kuwa karibu hakuna anayesoma kitu kutoka kwenye skrini. Sote tunaiandikia tu.

Madhara yakaenda mpaka kwenye programu. TFT_eSPI ya Bodmer, maktaba ambayo wengi wetu tumejifunzia, inasoma mguso ikiwa tu XPT2046 imeshiriki njia na skrini. Kwenye bodi ya njano sehemu hiyo ya maktaba haina kazi. Unachukua maktaba ya Paul Stoffregen, unaipeleka VSPI kwenye pini za mguso, mguso unaitika. Siku unayotaka kuhifadhi vipimo kwenye kadi, kadi inadai VSPI yake. Ndipo watu wakaandika maktaba ya kuchezesha pini za mguso moja moja kwa programu, bila kidhibiti. Inafanya kazi, nami nawaheshimu walioiandika. Lakini muda wa watu wema umetumika kuziba shimo lililochimbwa na mchoraji mmoja.

Walikuwepo waliolijua hili zamani. Chukua ile bodi ya kupandikiza ya inchi 2.8 ya Adafruit, toleo la pili, kutoka kwa Limor Fried na wenzake. Iliwekwa juu ya Arduino Uno, yenye kilobaiti 2 tu za RAM. Skrini, mguso wa STMPE610 na kadi vyote vilikaa kwenye njia moja ya SPI: 10 kuchagua skrini, 9 kutenganisha amri na data, 8 kuchagua mguso, 4 kuchagua kadi. Pini zote sita za analogi, A0 hadi A5, zilibaki huru. Ilikuwa ghali zaidi, sawa, lakini ushirikiano wa waya haulipiwi. Bodi nyekundu za ILI9341 zinazouzwa bila mikrokontrola nazo zinakutolea nyaya za mguso pembeni, uziunge wewe unavyotaka. Na skrini ya simu ya Nokia 5110, nukta 84 kwa 48, picha nzima baiti 504, ilisomeka juani bila mwanga wa nyuma na ikamtosha kila aliyetaka kujua batri ina volti ngapi.

Na hapo narudi kwenye neno ambalo wasomaji wangu wamelisikia: si kila kitu kinahitaji kuguswa. Sisi Wakongo tulipiga kura kwa mashine za skrini ya kugusa tarehe 30 Desemba 2018, tukazirudia tarehe 20 Desemba 2023. Mara hiyo ya pili vituo vingi vilichelewa kufunguliwa, zoezi likaongezewa muda, na mashine zenyewe zilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2006, tume ya uchaguzi ilipokuwa chini ya Abbé Apollinaire Malu Malu, karatasi za kura zilikuwa kubwa na nzito, ila hakuna karatasi iliyohitaji chaji. Kipimo cha batri kinachoonyesha namba mbili kinahitaji skrini na kitufe kimoja. Ukihitaji mguso kweli, basi mguso wa kubonyeza wa bodi hii ndio sahihi: unaitika kwa ukucha, kwa kijiti, na kwa mkono uliotoka shambani na matope yake.

Kinyongo cha mwisho ni namba ya bodi. Lilipokuja toleo lenye soketi mbili za USB, jina lilibaki lilelile huku rangi zikigeuka, nyeusi ikatoka nyeupe mpaka ubadilishe mpangilio kwenye programu. Mtu wa Bukavu anayenunua kwa kutazama picha hana njia ya kujua atakachopokea. Kubadilisha skrini bila kubadilisha namba ni kumdharau mnunuzi, na waliokwisha kuzoea bodi hii wasilivumilie kwa sababu tu wao wameshajua dawa.

Kwa anayechagua skrini sasa, shauri langu ni hili. Usianze na inchi wala rangi. Chukua karatasi, orodhesha kila waya ambao mradi wako utauhitaji, weka alama kwenye zile za kupima volti, kisha jiulize kama Wi-Fi itakuwa hewani. Ukiwa na kipimo kimoja tu, bodi ya njano itakutosha. Vikizidi kimoja, nunua ESP32 ya kawaida na bodi nyekundu ya ILI9341, uunge saa na data za mguso pamoja na za skrini, uupe mguso waya wake mmoja wa kuchaguliwa, na TFT_eSPI itausoma bila maktaba ya ziada. Kulehemu kutachukua jioni moja, na pini za ADC1 zitabaki zako.