Amanaz na Ufundi wa Kujizuia

Wakusanyaji wa santuri wana kipimo chao cha thamani: uhaba. Santuri iliyotolewa kwa nakala chache, ikapotea, kisha ikaibuka miongo kadhaa baadaye, hupanda bei hata kama muziki wake haumfikishi msikilizaji upande wa pili. Albamu ya Africa, iliyotolewa na kundi la Amanaz la Zambia mwaka 1975, ina uhaba huo, na nakala zake za mwanzo zinauzwa kwa bei isiyogusika na mtu wa kipato cha kawaida. Mimi naisifu kwa sababu nyingine. Wapiga magitaa wake walijua kunyamaza.

Kuona uzito wa sifa hiyo, tazama muziki uliowazunguka. Miaka ya mwanzo ya 1970, vijana wa miji ya migodi ya Ukanda wa Shaba walikuwa wakisikiliza santuri za Jimi Hendrix, Rolling Stones na James Brown, na makundi ya mitaani yakaanza kwa kuziiga. Kuiga kulipokwisha, ukazaliwa muziki uliokuja kuitwa Zamrock. WITCH, kundi la mwimbaji Emanyeo Chanda aliyejulikana kama Jagari, jina lililotokana na la Mick Jagger wa Rolling Stones, lilikuwa na vurugu na mbwembwe za jukwaani. Paul Ngozi na Ngozi Family walipiga gitaa zito la kukwaruza. Rikki Ililonga na Musi-O-Tunya waliingiza midundo ya ngoma za Kiafrika. Rais Kenneth Kaunda naye aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia, na nafasi ikapanuka kwa wenyeji.

Katika kelele hizo Amanaz walikuja na utulivu. Jina lao ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayomwambia msikilizaji awaulize wao habari za wasanii wazuri wa Zambia. Keith Kabwe aliimba, Isaac Mpofu na John Kanyepa walishika magitaa, Jerry Mausala besi, Watson Lungu drums. Watu watano, nyimbo kumi na mbili, nyingi kwa Kiingereza na chache kwa lugha za nyumbani.

Ufundi wao unajitokeza kwanza kwenye fazi, kile kikopo cha kukanyaga kwa mguu kinachofanya gitaa lingurume. Ndani yake transista inasukuma mawimbi ya sauti kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi vikakatwa bapa, na noti moja ikatoka nene, yenye makwaruzo, inayodumu kuliko kawaida. Kifaa hiki ni mtego. Kila noti inatoka na ukubwa hata ikipigwa na mwanafunzi, kwa hiyo mpigaji asiye na subira humwaga noti mfululizo hadi msikilizaji akachoka. Katika History of Man, wimbo mzito kuliko zote humu, fazi ipo na inauma, lakini gitaa linasema sentensi fupi kisha linaiachia sauti ya mwimbaji nafasi. Likirudi, linarudi na jambo la kuongeza.

Khala My Friend umesimama upande wa pili kabisa. Unakwenda polepole, kwa huzuni ya mtu anayeagana na rafiki, na magitaa yamevuliwa ule ukali. Rahisi ingekuwa kuupandisha wimbo kama huu hadi kilele cha makelele, kama walivyozoea wanamuziki wa roki wa wakati ule. Amanaz hawakufanya hivyo. Wameuacha katika mwendo uleule, na huzuni inakomaa yenyewe bila kusukumwa. Sunday Morning nao una upole huo. Mtu anayeweza kupiga kwa nguvu akachagua kutopiga ameshavuka uanagenzi.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwenye kanda. Albamu hii ilichanganywa sauti kwa namna mbili. Mchanganyo mmoja ni mkavu: drums ziko karibu, sauti za waimbaji ziko mbele, kila kosa lingesikika. Mwingine umefunikwa kwa mwangwi, magitaa yanaelea, na wimbo unakuwa kama unapigwa ndani ya pango. Wakusanyaji wengi wanautukuza ule wa mwangwi, kwa kuwa una ndoto nyingi na ni adimu zaidi. Mimi nauchagua mkavu. Mwangwi huremba, na mapambo yanaweza kuficha mshono mbaya. Mchanganyo mkavu hauna pa kuficha, na mshono wa Amanaz unaonekana kuwa mzuri hadi ndani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kizuri hiki hakikuweza kujiuza. Shaba ndiyo iliyoleta zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya Zambia ya mauzo ya nje, na mwaka uleule wa 1975 bei yake ilianguka vibaya. Mishahara ya wachimba migodi ndiyo iliyokuwa ikinunua santuri na tiketi za dansi. Ilipoyeyuka, soko la Zamrock liliyeyuka nayo. Baadaye UKIMWI uliwachukua wengi wa kizazi kile cha wanamuziki. Albamu ilikaa kimya zaidi ya miaka thelathini, hadi kampuni za nje zilipoitoa upya. Now-Again ya Marekani imeitoa kwa michanganyo yake yote miwili.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu, usiiuze baiskeli yako kununua nakala ya 1975. Tafuta toleo jipya, au isikilize kwenye intaneti. Anza na mchanganyo mkavu, na usihangaike kuhesabu noti zilizopigwa, sikiliza zilizoachwa. Kama wewe ni mpiga gitaa, hasa kijana uliyenunua kifaa cha fazi juzi, sikiliza History of Man kabla hujakanyaga tena. Bei ya santuri hupangwa na wauzaji. Thamani ya albamu hii ilipangwa na wanamuziki watano, na ingebaki ileile hata kama nakala zake zingejaa kila duka.