Joto la Nyuma ya Ukuta

Julai 2023 maji ya pwani ya Florida, Marekani, yalipata moto kiasi kwamba kipimo kimoja katika ghuba yenye kina kifupi ya Manatee Bay kilisoma nyuzi 38.4 za Selisiasi. Wahifadhi walizamia kwenye vitalu vyao vya matumbawe, wakayatoa kwa maelfu na kuyahamishia nchi kavu, mengi yakienda Keys Marine Laboratory, kwenye matangi ambayo joto la maji yake linadhibitiwa. Kwa majuma kadhaa tangi likawa salama kuliko bahari.

Tangi la nyumbani nalo linaweza kuwa salama hivyo. Lakini lile kubwa lililojengewa ukutani, linalotazamwa sebuleni kama dirisha la bahari huku mitambo yake imefichwa nyuma, ndilo gumu kuliko yote kulipoza. Wengi wakiona maji yanapanda joto hukimbilia dukani kununua mashine ya kupozea maji, ile mafundi wanayoiita chila. Mimi naona chila iwe ya mwisho kununuliwa. Kazi yenyewe ni ya kuhamisha joto, na kwenye tangi la ukutani swali la kwanza ni joto hilo litatolewa kupitia wapi.

Matumbawe mengi yanayojenga miamba huishi kwa chakula kinachotengenezwa na mwani mdogo mno uliomo ndani ya nyama yake. Maji yakizidi kwa nyuzi moja tu kile kiwango cha juu yalichozoea msimu wa joto, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, mwani hutoka na matumbawe hupauka. Kenya na Tanzania ziliyaona hayo mwaka 1998. Kwenye tangi kuna hatari nyingine juu ya hiyo: maji ya bahari ya nyuzi 25 hubeba oksijeni ya takriban miligramu 6.7 kwa lita, na yakifika 30 hubakiwa na 6.2 hivi, wakati samaki na bakteria wanahitaji zaidi kwa kuwa miili yao inafanya kazi haraka. Ndiyo maana wafugaji wengi hushikilia nyuzi 25 au 26.

Tuchukue tangi la lita 2,000. Kuyapandisha maji hayo nyuzi moja kunahitaji megajuli 8 na kidogo. Tuseme pampu na taa, kwa wastani wa siku nzima, zinaingiza wati 400 ndani ya maji. Kama joto hilo halina pa kutokea, maji yatapanda zaidi ya nyuzi 4 kwa siku moja. Kwenye tangi lililosimama wazi, sehemu kubwa ya joto hutoka kupitia vioo na uso wa maji. Ukishalifungia kwa jipsamu na plaiwudi, kwa kifuniko kizuri na milango inayobana, njia hizo unaziziba mwenyewe.

Kabla ya kuliondoa joto, lipunguze linakoanzia. Karibu umeme wote unaotumiwa na pampu iliyozamishwa huishia kuwa joto ndani ya maji, hata ule unaosukuma mawimbi, kwa sababu mwendo wa maji nao huishia kwenye msuguano. Pampu kuu inayokula wati 150 wakati ingetosha ya 60 unailipia mara mbili, kwanza kuiendesha, kisha kuliondoa joto lake. Taa zimerahisisha mambo. Enzi za taa za metali halaidi, tangi la ukubwa huu lingeweza kuwa na taa tatu za wati 400, zikimwaga mionzi ya joto moja kwa moja kwenye maji. Taa za LED hutumia umeme mdogo zaidi, na sehemu kubwa ya joto lake hupanda hewani kupitia bati lake la mgongoni. Bado hewa hiyo ya juu ya taa lazima itolewe, la sivyo itarudi kwenye maji. Saa nazo zinasaidia: taa zikiwashwa saa tisa alasiri na kuzimwa saa tano usiku, saa za joto kali zinakuwa zimepita, na wenye nyumba wako nyumbani kulitazama tangi.

Njia rahisi ya kutoa joto ni uvukizi. Kila lita ya maji inayovukiza huondoka na megajuli 2.4 hivi, kwa hiyo kuzimaliza zile wati 400 kunataka lita 14 zivukize kwa siku. Feni ndogo zinazopuliza juu ya maji zinaweza kuifanya kazi hiyo, ila hewa ndiyo yenye neno la mwisho. Nairobi, mchana wa nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 45, uvukizi peke yake unaweza kuyashusha maji hadi karibu nyuzi 16, hivyo mfugaji wa huko huhitaji hita kuliko feni. Pwani, siku ya nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, mwisho wake ni karibu nyuzi 27 hata ukipanga feni kumi. Mwezi wa tatu Dar es Salaam au Mombasa, feni peke yake haitoshi.

Kisha kuna suala la maji yaliyoondoka. Chumvi haivukizi. Ukijazia lita 14 hizo kwa maji ya bahari, chumvi itapanda siku hadi siku. Ni lazima yawe maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa vizuri, yakiingizwa kidogo kidogo kwa boya kama lile la tangi la choo au kwa pampu ndogo yenye kihisi. Na mvuke wenyewe umeingia nyuma ya ukuta. Baada ya miezi jipsamu huvimba, bawaba hushika kutu, na ukungu mweusi hupanda pembeni mwa fremu. Kama nyumba ina kiyoyozi, mvuke huo unakwenda kugeuzwa huko kuwa maji tena, na gharama ya joto lile lile inarudi kwenye bili ya umeme.

Sasa chila. Mashine hii huchota joto kwenye maji na kulitema hewani kupitia feni yake, pamoja na joto la umeme inaoutumia. Inayochota wati 1,000 kwa umeme wa wati 400 inatema 1,400. Kuiweka ndani ya kabati la tangi ni sawa na kufungua mlango wa friji ili upoze jikoni. Hewa ya kabatini inapanda, chila inazidi kuhangaika, inafanya kazi bila kupumzika, na mwisho inajizima yenyewe kwa kupata moto siku ile ile unayoihitaji. Ili hewa ya kabati isizidi ya nje kwa zaidi ya nyuzi 5, unahitaji kupitisha takriban mita za ujazo 840 kwa saa. Feni ndogo ya bafuni hupitisha kama 100. Kwa hiyo chila ikae nje, kwenye kivuli penye upepo, mabomba ya maji yapite ukutani yakiwa yamevikwa sponji nyeusi kama ya mabomba ya kiyoyozi.

Hapa niwaonye wenye mafundi wa friji hodari. Fundi atakwambia anaweza kuviringisha bomba la shaba, alizamishe kwenye tangi na kuliunga na kompresa ya zamani. Litapoza kweli. Lakini shaba ikigusana na maji ya chumvi huyeyuka polepole, na kiasi kidogo sana chake kinaua matumbawe, kamba na konokono. Chila za maji ya bahari hutumia bomba la titani, na hapo ndipo sehemu ya bei yake ilipo.

Kwa nyumba ya pwani ningechagua njia nyingine kabla ya chila kubwa: chumba kidogo cha mitambo nyuma ya tangi, chenye mlango wa mtu mzima, na kiyoyozi chake kilichowekwa nyuzi 24. Sehemu inayotema joto tayari iko nje ya nyumba, unyevu unatoka kwa bomba la maji ya kiyoyozi, na tangi linapoa kwa kuzungukwa na hewa baridi. Kiyoyozi kitaliwa na chumvi mapema kuliko cha chumbani kwako, hilo lihesabiwe. Chila ndogo ibaki kuwa akiba.

Kwenye vidhibiti, acha nafasi. Chila iwake maji yakifika 26.5 na kuzima yakifika 26. Hita isiwake mpaka yashuke 25, visije vikapigana usiku kucha. Weka vihisi viwili, na taa zijizime maji yakigusa 28.

Umeme ukikatika, usianze na barafu. Kuyashusha maji ya lita 2,000 nyuzi moja kunataka kilo 18 za barafu, na kesho zitahitajika nyingine. Pampu zikisimama zimeacha pia kuleta joto, na wingi wa maji unayafanya yapande polepole. Kinachoisha upesi ni oksijeni. Jenereta ikiwaka, chomeka kwanza pampu ya mzunguko, kisha feni. Chila iwe ya mwisho.